Lita Arobaini na Nne

Ninalo daftari moja la jalada la bluu ambalo nimelitunza kwa zaidi ya miaka 10, ingawa gari ambalo habari zake zimeandikwa humo nilikwisha kuliuza zamani. Kila ukurasa una safu nne: tarehe, kilometa, lita na shilingi. Sikuwa na nia ya kutafuta hekima yoyote mle ndani. Nilitaka tu kujua fedha zangu za petroli zinakwenda wapi, jambo ambalo kila mwenye gari Dar es Salaam hujiuliza angalau mara moja kwa mwezi. Lakini katika ukurasa wa Juni 2013, chini kabisa, pana mstari nilioupiga kwa wino mwekundu, na chini ya mstari huo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Pungufu lita 44." Kwa maneno hayo machache nilimwondoa kazini mtu aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka 20, na nikamwita mwizi mbele za watu.

Hesabu ile haikuwa na kosa. Nimeirudia mara nyingi tangu hapo, na kila mara jibu ni lile lile. Ndiyo maana nimeona niandike habari hii. Kama ningekuwa nimekosea kujumlisha, ningesema nimekosea kujumlisha, tukaishia hapo. Kinachonisumbua ni kwamba nilijumlisha sawasawa, nikagawanya sawasawa, na mwisho wake nikamdhulumu mtu. Je, anayeamini jambo lisilo kweli, bila kukusudia uovu wowote, ametenda kosa, au amepatwa na bahati mbaya tu? Zamani ningejibu swali hilo haraka.

Duka langu liko Kariakoo, upande wa Gerezani. Nauza mabomba, koki, matangi na vifaa vingine vya maji. Ghala nilikuwa nimepanga Buguruni, kwa sababu kodi ya chumba cha kuhifadhia mzigo Kariakoo ingenimaliza. Kutoka ghalani hadi dukani si mbali. Ukitazama kilometa peke yake, unaweza kusema ni pua na mdomo. Lakini Kariakoo haipimwi kwa kilometa. Mahali hapa palipata jina kutokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, wale wa "Carrier Corps", na mpaka leo ni mahali pa kubeba na kubebeshana. Soko lenyewe, lile alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa kwa ajili ya mji mdogo sana kuliko huu. Mitaa inayolizunguka ni ileile myembamba ya nyumba za Waswahili, isipokuwa sasa juu ya kila kiwanja limesimama ghorofa, na chini ya kila ghorofa pana maduka, na mbele ya kila duka pana meza ya machinga, na mbele ya meza ya machinga pana mkokoteni, na nyuma ya mkokoteni uko wewe na gari lako.

Mwaka 2013 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ujenzi wa barabara za mabasi ya mwendokasi ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla. Barabara ya Morogoro ilichimbwa, na Msimbazi nayo ikachimbwa. Mabasi yenyewe tuliyaona barabarani Mei 2016. Katika miaka ile ya kungoja, gari likiingia Mtaa wa Uhuru saa tatu asubuhi, dereva aliweza kusoma gazeti lote, matangazo ya vifo yakiwemo.

Dereva wangu alikuwa mzee wa miaka 60 na kitu. Alianza kazi UDA mwaka 1976, miaka miwili baada ya shirika hilo kuanzishwa, na aliendesha mpaka yale mabasi marefu ya Ikarus ambayo watu waliyaita kumbakumba. Alikuwa dereva wakati petroli haipatikani kwa fedha wala kwa kibali, baada ya vita vya Kagera, wakati ambapo Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani. Mtu aliyefunzwa kuendesha katika miaka hiyo hakanyagi mafuta ovyo. Akiona taa nyekundu kwa mbali, huachia pedeli mapema, gari likajiendea lenyewe. Akiona foleni inasogea hatua mbili na kusimama, yeye hasogei. Huacha nafasi ikue, kisha huenda mara moja. Madaladala yaliyokuwa nyuma yalimpigia honi kama yamepagawa. Mimi nikikaa naye mbele nilikuwa naona aibu, nikamwambia, "Mzee wangu, songa basi." Naye hunijibu, "Mwanangu, hapo mbele hapana kitu cha kugombania."

Nilikuwa nikimwamkia shikamoo kila asubuhi. Mbele ya wateja aliniita bosi, tukiwa wawili aliniita mwanangu.

Sasa nieleze namna nilivyopima, maana hapo ndipo penyewe. Kupima mafuta ya gari si kazi ngumu. Usiutazame mshale wa dashibodi, kwani mshale ule ni wa kumtuliza mtu, si wa kumpa habari. Jaza tangi hadi mdomoni, andika kilometa. Endesha. Ukifika sheli tena, jaza hadi mdomoni, ikiwezekana kwenye pampu ileile, uandike lita zilizoingia. Lita hizo ndizo ulizochoma. Gawanya kilometa kwa lita, umepata jibu. Fanya hivyo mara tatu au nne ili makosa madogo ya kujaza yafutane. Pampu zetu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, kwa hiyo lita huwa ni lita.

Mwezi wa Mei mwaka huo nilikwenda Morogoro na ile pikapu yangu, mimi mwenyewe nikiendesha, kupeleka mzigo. Kwenda na kurudi ilikuwa kilometa 390 na gari lilikunywa lita 33. Hiyo ni karibu kilometa 12 kwa lita moja. Nikaridhika. Nikajisemea: sasa nakijua kipimo cha gari langu. Juni ilipokwisha nikafungua daftari. Mzee alikuwa ametembea kilometa 720 kwa siku 26 za kazi. Kwa kipimo cha Morogoro alipaswa kutumia lita 60. Risiti zilionyesha lita 104. Pengo ni lita 44, na kwa bei ya takriban shilingi 2,100 niliyokuwa nikinunulia, ni zaidi ya shilingi 92,000.

Msomaji ambaye amewahi kumwajiri dereva anajua nilichowaza. Wizi wa mafuta si hadithi. Wako wanaonyonya kwa mpira usiku, wako wanaoelewana na muuza mafuta aandike lita 20 na kutia 15, na pembezoni mwa barabara kuu utaona vidumu vinavyouzwa ambavyo havikutoka kwenye kisima cha Mungu. Kila mfanyabiashara mwenzangu alikuwa na kisa chake. "Madereva ndivyo walivyo," nilikuwa nimeisikia mara mia kabla sijawa na gari. Kwa hiyo pengo lilipotokea, jina la kulitia lilikuwa tayari, lilinisubiri.

Asubuhi ile sikumwamkia. Nilimkuta barazani mwa duka, na pale barazani palikuwapo mshona viatu, wasukuma mikokoteni wawili watatu, mama lishe na majirani wa maduka. Nilimwonyesha daftari. Nilisema lita 44 haziwezi kuyeyuka. Alilishika daftari, akalitazama kwa muda, kisha akasema, "Bosi, hili gari halitembei. Linasimama." Mimi nilidhani ananifanyia mzaha. Nilimwambia gari lililosimama halili mafuta. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, na kicheko hicho kikanikasirisha kuliko kama angelia. Nikamwambia kazi imekwisha, na katika mshahara wake wa mwisho nikakata nusu ya hasara, shilingi 46,000. Nilijiona mwenye huruma kwa kukata nusu.

Hakubishana. Aliweka funguo juu ya kaunta, akawaaga watu wa barazani mmoja mmoja, akaondoka kuelekea kituo cha daladala.

Nilikaa wiki mbili na zaidi nikiendesha mwenyewe huku natafuta dereva mwingine. Kwa kuwa nilikuwa na tabia ya daftari, niliendelea kuandika. Siku 14 za kazi, kilometa 380. Lita 57. Niligawanya nikiwa nimesimama sheli, kwenye simu yangu, nikapata kilometa 6 na pointi 7 kwa lita. Nikarudi kwenye ukurasa wa Juni: 720 kwa 104 ni kilometa 6 na pointi 9. Mzee alikuwa ananizidi. Kwa gari lilelile, njia ileile na mzigo uleule, mtu niliyemwita mwizi alitumia mafuta kidogo kuliko mimi mwenye mali.

Nakumbuka muuza mafuta aliniuliza, "Mzee, bado unaongeza?" na mimi sikumjibu.

Jumapili iliyofuata nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kuufungua mdomo. Nilijaza tangi hadi mdomoni, nikaegesha pembeni mwa sheli ileile, nikaiacha injini inaunguruma saa nzima gari likiwa limesimama, ile hali ambayo mafundi wetu huiita sailensa. Kisha nikajaza tena. Ziliingia takriban sehemu nane za kumi za lita. Vijana wa pale walidhani nimerukwa na akili. Lakini sasa nilikuwa na kipimo cha pili, nacho kilieleza kila kitu. Kilometa 28 kwa siku, kwa mwendo wa Morogoro, ni lita 2 na pointi 3. Saa mbili za kusimama kwenye foleni, na wakati ule saa mbili ilikuwa siku njema, ni lita 1 na pointi 6. Jumla ni karibu lita 4. Zidisha kwa siku 26. Unapata zile 104, ukikosa kidogo tu.

"Hili gari halitembei. Linasimama." Alikuwa amenipa jibu lote, na bure.

Nimesoma kwamba mwaka 1877 mtaalamu mmoja wa hisabati wa Uingereza, W. K. Clifford, aliandika makala kuhusu maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli aliyekuwa na wasiwasi kwamba meli yake imechakaa, lakini kwa kuwa matengenezo ni ghali akajibembeleza mpaka wasiwasi ukamtoka, akaiacha isafiri na watu ndani. Meli ikazama. Clifford anasema mtu huyo ana hatia, na angekuwa na hatia hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Mfano huu nimeufikiria sana, kwanza kwa kujitetea. Nilisema: mimi si kama yule. Yeye alikuwa na shaka akaizima. Mimi sikuwa na shaka yoyote ya kuzima. Hesabu ilikuwa mbele yangu.

Lakini utetezi huo haunifikishi mbali. Kutokuwa na shaka si sifa, pengine ni ugonjwa wenyewe. Yule mwenye meli angalau alishindana na nafsi yake usiku mmoja au mbili. Mimi nililala vizuri. Na si kweli kwamba sikuwa na ushahidi mwingine. Ushahidi ulisemwa kwa sauti mbele yangu, na mtu aliyeendesha magari ya jiji hili tangu mimi sijaanza shule ya msingi. Niliukataa kwa sababu ya kinywa ulikotoka. Namba za daftari sikuzishuku kwa kuwa nilikuwa nimeziandika mwenyewe.

Hata hivyo, sikubaliani na Clifford mpaka mwisho. Yeye anataka mtu asiamini lolote bila ushahidi wa kutosha, daima na popote. Mfanyabiashara wa Kariakoo akifuata amri hiyo atafunga duka kabla ya adhuhuri. Mimi huwakopesha mafundi mabomba kwa kutazama tu uso na kusikia lafudhi. Humwamini msukuma mkokoteni nisiyemjua jina, nikampa mzigo wa laki tano aupeleke Mtaa wa Congo. Karibu kila ninachofanya kwa siku nakifanya kwa ushahidi usiotosha. Kwa hiyo swali kwangu si ushahidi ulitosha au haukutosha. Swali ni: kama nimekosea, nani analipa? Nikimwamini fundi akanidhulumu, nimelipa mimi. Nikimshuku dereva nikawa nimekosea, analipa yeye. Mimi nilikuwa nahatarisha shilingi 92,000, fedha ambayo ningeisahau kabla ya Krismasi. Yeye alikuwa anahatarisha riziki yake ya uzeeni na jina alilolijenga tangu UDA. Kipimo kimoja kilinitosha mimi kwa sababu gharama ya kukosea haikuwa ya kwangu.

Nilipotaka kununua matairi mapya mwaka ule niliulizia maduka matano. Kwa habari ya mtu, niliuliza duka moja tu, nalo ni la kwangu.

Sheria nayo inajua jambo hili, ingawa wakati ule sikuitazama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Wengi wetu wenye maduka madogo tunaona huo utaratibu ni usumbufu wa makampuni makubwa. Kumbe umewekwa hasa kwa ajili ya watu kama mimi, watu wenye daftari moja na uhakika mwingi.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi, na nilichelewa kuliona. Kama lita 44 hazikuibwa, basi nani alizipoteza? Maana kweli zilipotea. Zilichomwa bure Uhuru na Msimbazi, zikawa moshi kwenye mapafu ya mama lishe. Dereva hakuchagua saa ya kwenda ghalani. Nilichagua mimi. Nilitaka gari liondoke saa mbili unusu, baada ya mimi kufika na kufungua duka, kwa sababu sikutaka kuamka mapema wala kumwachia mtu ufunguo wa ghala. Zaidi ya mara moja mzee alikuwa ameniambia, "Mwanangu, tupakie alfajiri, saa kumi na moja na nusu tuwe tumetoka Buguruni." Nikamwambia alfajiri ni ya kuswali na kulala. Mafuta yalikuwa yananywewa na ratiba yangu, si na mpira wa kunyonyea.

Baada ya hapo nilibadili mambo. Mzigo ulipakiwa jioni na gari likaingia Kariakoo kabla ya jua. Mizigo ya wateja wa mitaa ya karibu nilianza kuipeleka kwa mkokoteni. Safari za Magomeni, Ilala na Upanga nilizikusanya, badala ya kutuma gari kwa kila mteja anayepiga simu. Matairi nilianza kuyapima upepo kila Jumamosi, maana tairi lenye upepo mdogo hukokotwa, haliviringiki. Vyuma chakavu vilivyokuwa vikizurura nyuma ya pikapu niliviuza. Mwezi wa Oktoba gari lilitembea kilometa 570 kwa lita 66. Nilikuwa nimeokoa lita 38 kwa mwezi, na hakuna hata njia moja kati ya hizo ambayo mzee hakuwa amewahi kuitaja, isipokuwa ya vyuma chakavu.

Nisijisifu sana hapa kuhusu mkokoteni. Nilipoandika "Mtaa wa Sikukuu, mkokoteni, lita 0", nilijisikia vizuri mpaka nilipomwona yule kijana akipandisha mzigo, fulana imelowa, mishipa ya shingo imesimama. Safu ya lita ilisema sifuri. Jasho halina safu. Hili sijalimaliza moyoni, na sitalimaliza katika kurasa hizi.

Mwezi wa Septemba, kabla hata mabadiliko hayo hayajakamilika, nilikwenda kumtafuta. Nilijua anakaa Tandika, na pale Tandika kumpata mzee wa UDA si kazi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba, anarekebisha redio. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kwamba jana tulikuwa pamoja. Nililitoa daftari. Sikujua namna nyingine ya kuanza. Nikamwonyesha zile siku 14 zangu, nikamweleza ile Jumapili ya sheli. Alisikiliza yote. Alipofika kwenye 6 na pointi 7 akatabasamu akasema, "Wewe unakanyaga sana. Nilikuwa nakwambia."

Nikatoa bahasha. Ndani mlikuwa na zile shilingi 46,000 na mshahara wa miezi miwili. Alizihesabu taratibu, akatenga 46,000, akazikunja na kuzitia mfukoni. "Hizi ni zangu," alisema. Zile nyingine akazirudisha ndani ya bahasha akaisukuma kwangu. Nikamsihi. Nikamwambia kazi ipo, arudi hata kesho.

"Kazi sirudi," akasema. "Nimezeeka, na pale barazani siwezi kukaa tena. Wale uliwaambia?"

Nikamuuliza wale nani.

"Wale uliowaambia kwanza."

Sikuwa nimewaambia. Haikunijia hata akilini. Nilikuwa nimesafiri kutoka Kariakoo hadi Tandika na bahasha nikidhani nabeba deni lote, kumbe nimebeba sehemu ndogo. Deni la fedha lilikuwa kati yangu na yeye, na tuliweza kulimaliza juu ya mkeka. Deni la neno lilikuwa limetawanyika mikononi mwa watu ambao hawakujua kwamba wanalo.

Kesho yake nilianza. Nilimwambia mshona viatu, nikamwambia mama lishe, nikazunguka kwa majirani. Nilidhani itakuwa vigumu kwa sababu ya aibu. Ugumu ulikuwa mwingine: hakuna aliyetaka kusikia. Mama lishe peke yake alisema, "Mimi nilijua, yule mzee alikuwa analipa chai yake kila siku." Nikatamani angeniambia wakati ule, ila sikuwa nimemuuliza. Wengine walinitazama kama mtu anayewaeleza ndoto. Jirani mmoja mwenye magari matatu alinisikiliza mpaka mwisho, hesabu yote, foleni yote, kisha akanishika bega: "Sawa, huyu hakuiba. Lakini madereva ndivyo walivyo." Ule msemo ulikuwa umeingia kwangu kirahisi kama maji, na sasa nilipojaribu kuutoa kwa mwingine uligoma.

Habari ya kwamba mtu ameiba ni fupi, ina ladha na inasafiri yenyewe. Habari ya kwamba hakuiba ni ndefu. Ina desimali ndani yake. Wale niliowakuta barazani siku ile walikuwa labda 10. Waliowahadithia sijui ni wangapi, wala wako mitaa gani.

Siku hizi mambo yamekuwa ya kisasa. EWURA inatangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nasi tunaisubiri kama matokeo ya mtihani. Mwaka 2022 lita ya petroli ilipita shilingi 3,000, na kila mtu akawa mtaalamu wa kubana matumizi. Wenye teksi na bajaji wengi wamefunga mitungi ya gesi asilia, na wanapanga foleni za gesi badala ya foleni za barabarani. Wafanyabiashara wenzangu wanafunga vifaa vinavyoonyesha kwenye simu gari liko wapi na tangi lina kiasi gani. Mmoja alinionyesha chake kwa fahari: mstari unashuka, hapa unashuka ghafla, akasema hapo ndipo anaponiibia. Nikamuuliza mahali hapo ni wapi. Hakuwa amekwenda kupaona.

Mzee alifariki mwaka 2019. Nilikwenda msibani Tandika, nikakaa na wenzake wa UDA waliobaki, wakawa wanasimulia habari za kumbakumba na za Jumapili zisizo na magari. Hakuna aliyenijua mimi ni nani, na yeye inaonekana hakuwa amewasimulia.

Mwaka jana mteja mmoja wa zamani kutoka Mbagala, ambaye alikuwa hajafika dukani kwangu miaka mingi, aliingia kununua koki. Tulisalimiana, tukaulizana hali za watoto. Wakati anangoja chenji akatazama nje, pale gari jipya linapoegeshwa, akacheka, akaniuliza, "Na yule mzee wako aliyekuwa anakunyonya mafuta, mlimalizana vipi?" Nikamwomba akae. Nikafungua droo, nikatoa daftari.